Umeanguka Farasi? Tafuta Mizani Kwanza, Ujasiri Utafuata



Leo tuna jambo ambalo wengine watalicheka: farasi. Tena hatusemi farasi wa kutazamwa kwenye simu. Tunasema farasi wa kumpanda, na hasa farasi aliyekwisha kukuangusha mchangani mbele ya macho ya watu.

Sisi ni watu wa cherehani. Tunashona nguo za harusi, kwa hiyo tunakaa na wanawake saa nyingi. Mtu anasimama juu ya kigoda, tunampima, tunampigia pini pindo, na huku mazungumzo yanakwenda. Miaka ya karibuni tumepata wateja wa aina mbili ambao zamani hatukuwa nao. Kuna wanaotaka nguo ya stara ya kupandia farasi, maana wameanza kujifunza, wengine hapa hapa kisiwani na wengine Oman kwa ndugu zao. Na kuna mabibi harusi wanaotaka picha juu ya farasi ufukweni, jua linazama na shela linapepea. Sisi wenyewe hapa dukani, watatu kati yetu tumejifunza kupanda ukubwani, tukiwa na watoto na biashara. Na sote watatu tumeanguka, si mara moja.

Katika mazungumzo hayo tumegundua kwamba mwanamke akianguka farasi hupewa amri mbili. Wa upande huu humwambia, "Panda tena sasa hivi, usipopanda leo hutapanda maisha." Wa upande ule humwambia, "Basi, shuka, usirudi tena, hiyo si kazi yako." Rai yetu ni kwamba amri zote mbili ni mbovu, kwa sababu zote mbili hazimuulizi kwa nini alianguka. Wazee walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na huyu dada amepandishwa farasi wawili kabla hajajikung'uta mchanga. Tunaloamini sisi ni kuwa aliyeanguka anahitaji kurudishiwa mizani ya mwili wake, polepole, kuanzia chini. Akishajua kukaa, ujasiri utamjia wenyewe.

Kuhusu "panda tena papo hapo"

Tuanze na amri hii kwa sababu ndiyo inayosifiwa sana. Ina ukweli wake kidogo. Hofu ikiachwa miezi mingi bila kuguswa hukua, na mtu aliyeteleza taratibu, akasimama mwenyewe, akacheka, anaweza kupanda tena siku ile ile akizungushwa kwa mwendo wa kutembea na mtu ameshika kamba. Hilo halina ubaya.

Ubaya unakuja amri ikiwa ya kila mtu na kila anguko. Mtu akigonga kichwa, siku hiyo kupanda kumekwisha. Hapo hakuna mjadala. Ubongo unaweza kutikisika hata kama hakuna damu wala uvimbe, na dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa: kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kuona ukungu, kusinzia kusiko kwa kawaida, kusahau kilichotokea. Aliyepata mojawapo, au aliyepoteza fahamu hata kidogo, aende hospitali, na asirudi juu ya farasi mpaka daktari amwambie. Na anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Alazwe pale pale mpaka wanaojua wafike.

Helmeti nayo ikishapigwa, ibadilishwe. Hata kama kwa nje haina ufa, ule utando mgumu wa ndani unaomeza kishindo huwa umeshabonyea, na haufanyi kazi mara ya pili. Wala msikubali kupewa helmeti ya bodaboda kwa kisingizio kwamba helmeti ni helmeti. Ya farasi imetengenezwa kwa anguko la aina nyingine.

Tunampenda sana mfano wa Michelle Payne wa Australia. Mwaka 2004 alianguka vibaya mashindanoni, fuvu la kichwa likapasuka. Mwaka 2015 alishinda Melbourne Cup, mbio za mita 3,200 zinazokimbiwa tangu mwaka 1861, na akawa mwanamke wa kwanza kuzishinda. Kati ya anguko na ushindi ule ilipita miaka 11. Watu hutaja ushindi wakasahau kwamba kwanza alilala, akatibiwa, akapona, ndipo akaanza upya. Ujasiri wake ulipewa muda.

Kuna sababu nyingine ya kutomsukuma mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mshtuko huo unakaa mwilini hata kama mdomo unasema, "Mie siogopi." Aliyeanguka akipandishwa kwa nguvu hujikunja mbele kama anayelinda tumbo, akabana magoti, akainua visigino, akashika hatamu kwa kuzivuta. Kila kimoja katika hivyo humsogeza karibu na anguko jingine. Na farasi anamsikia. Mnyama huyu husikia inzi akitua ngozini mwake, sembuse mapaja yako yanayotetemeka.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo tunalikumbuka kila tunapomwona mtu anasukumwa. Waliwataka watu wapite na farasi mahali fulani mara kadhaa, kisha wakawaambia kwamba safari inayofuata mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa wasiwasi, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuambiwa habari ya mwavuli wowote. Kumlazimisha mwenye hofu apande ni kuwatia hofu wawili kwa pamoja, na mmoja wao ana uzito wa kilo mia nne na zaidi.

Kuhusu "shuka, usirudi tena"

Amri hii mara nyingi hutoka kwa mama, shangazi au mume, na hutoka kwa mapenzi. Hatuwalaumu. Mama aliyemwona mwanawe chini ana haki ya kutetemeka. Ila tuziangalie sababu zinazotajwa moja moja, kwani nyingine ni nzito na nyingine ni uzushi.

Wapo wanaosema si mila yetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alikua akijua kupanda farasi na punda, na ameyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886. Kule Oman, ambako wengi wetu tuna damu, kikosi cha farasi cha Sultani kina wanawake wanaopanda, na mwaka 2018 UNESCO iliingiza mchezo wa ardha ya farasi na ngamia wa Oman katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwenye Qur'ani farasi ametajwa katika Suratun Nahl aya ya 8 pamoja na nyumbu na punda, kuwa wa kupandwa na kuwa pambo. Basi kumpanda si jambo lililotuvamia juzi na watalii.

Wapo wanaosema stara haiwezekani. Tarehe 1 Agosti 2019 huko Goodwood, Uingereza, msichana wa miaka 18 aitwaye Khadijah Mellah, mwenye asili ya Kenya na Algeria, alishinda mbio za Magnolia Cup akiwa na hijabu chini ya helmeti. Alikuwa wa kwanza kushindana na hijabu katika mbio za farasi za Uingereza. Alijifunza kupanda katika klabu ya hisani ya mtaani kusini mwa London, na farasi wa mashindano alianza kumpanda miezi michache tu kabla ya siku hiyo.

Kisha kuna ile sababu isiyosemwa kwa sauti, ambayo mabibi harusi wetu hutunong'oneza pini zikiwa mdomoni mwetu. "Mama anaogopa nitaharibika, nitaambiwaje usiku wa harusi?" Tuiseme, maana kuificha hakumsaidii mtoto wa mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke ameshakutana na mwanamume au bado. Kile kiwambo hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa. Kwa hiyo aliyepanda farasi hajapoteza heshima, na aliyeanguka farasi pia hajaipoteza. Heshima ya binti ni mwenendo wake. Makungwi wetu wangewasaidia sana mabinti wakilisema hili.

Sababu nzito zipo, na tunaziheshimu. Mjamzito ashuke, kwa kuwa wataalamu wa uzazi hushauri hivyo, na hatari yenyewe ni lile anguko. Mwenye ugonjwa wa mifupa, wa mgongo au kifafa asipande bila idhini ya daktari. Na mwenye jeraha linalouma asubiri lipone. Lakini hizo ni sababu za mwili wa mtu fulani kwa wakati fulani. Hazigeuki kuwa sheria juu ya wanawake wote.

Mizani yenyewe ni nini?

Wengi hudhani kukaa juu ya farasi ni nguvu za mapaja. Wanabana kama wanaobana mlango usifunguke. Shika embe lenye maji kwa vidole viwili, ubane: linachomoka. Ndivyo mtu anavyochomoka juu ya tandiko akibana magoti. Kubana kunamnyanyua.

Anayekaa vizuri hukaa juu ya mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao bila mto. Mapaja yananing'inia, nyonga zinacheza na mgongo wa farasi, visigino vinazama chini kidogo. Ukimtazama kwa upande, sikio, bega, nyonga na kisigino vinakaa katika mstari mmoja wa wima. Sisi mafundi tunauona mstari huo kama uzi wenye risasi mwishoni. Farasi akiondolewa kimiujiza, mtu aliyekaa hivyo angetua kwa miguu yake, asingeanguka kwa uso wala kwa mgongo. Ndiyo maana aliyejikunja mbele yuko hatarini: farasi akisimama ghafla, kichwa chake, chenye uzito wa kilo nne au tano, kimeshatangulia safari.

Mwenye shaka amtazame Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944 alipata polio akiwa mjamzito. Alizaa salama, lakini miguu yake kuanzia magotini kwenda chini haikurudi nguvu. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 huko Helsinki, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa madaha kwenye Olimpiki, alipata medali ya fedha, na mwaka 1956 akaipata tena. Mwanamke ambaye hawezi kubana alikaa vizuri kuliko karibu wote wenye miguu mizima, kwa sababu mizani yake ilikuwa katika kiuno na uti wa mgongo.

Kuanza upya kutoka chini

Mshono ukienda kombo haunyooshwi kwa pasi. Unaufumua mpaka pale ulipoharibika, kisha unashona tena. Aliyeanguka naye afumue kwanza. Je, mkanda wa tumboni ulilegea, tandiko likazunguka? Farasi alishtushwa na nini: mbwa, wimbi, mfuko wa plastiki, boda iliyopita? Farasi anaona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia haoni, na kitu kikitokea ghafla pale hukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Au ulipewa farasi mkali kuliko kiwango chako? Ukijua sababu, nusu ya hofu inakwisha, maana hofu kubwa ni ile ya jambo lisilo na jina.

Pili, fanya kazi nyumbani. Simama kwa mguu mmoja huku wali unakauka, nusu dakika kila upande, kisha jaribu umefumba macho. Simama kwenye ngazi kwa nyayo za mbele, visigino viachie vishuke polepole, utaona jinsi misuli ya nyuma ya mguu ilivyokaza. Kaa kwenye kigoda kigumu, tikisa kiuno mbele na nyuma mpaka uipate ile mifupa miwili, kisha kaa wima juu yake. Dakika tano kwa siku zinatosha. Wengi wetu tunashinda tumeinamia cherehani au simu, na mgongo uliozoea kuinama huinama hata juu ya farasi.

Tatu, rudi kwa farasi bila kumpanda. Mpige mswaki, mwongoze kwa kamba, msimamishe, mgeuze, umzoee harufu na pumzi zake. Usimfuate kwa nyuma. Wiki nzima ya kazi hii si kupoteza wakati. Siku utakayopanda utakuwa unampanda mnyama unayemjua.

Nne, ukipanda, mwalimu ashike kamba ndefu na kumzungusha farasi, wewe usishike hatamu kabisa. Mikono inapokosa cha kuvuta, mwili hulazimika kutafuta mizani yake. Farasi avishwe ukanda shingoni, huo ndio wako wa kushika ukiyumba, usivute lijamu lililo kinywani mwake. Anza kwa kutembea tu. Nyoosha mikono pembeni kama mbawa. Gusa kichwa, gusa bega, gusa goti. Fumba macho hatua kumi, uhesabu mguu gani wa farasi unakanyaga. Baadaye toa miguu kwenye vikuku, vile vyuma vya kutilia nyayo, uache miguu ining'inie. Ukiona umetulia, ndipo mchakamchaka kidogo, mara moja kuzunguka, basi. Habari ya shoti iacheni kwanza. Haipungukiwi kitu kwa kusubiri miezi mitatu.

Tano, pumua. Mwenye hofu hukata pumzi bila kujua, na mwili usiopumua hukauka kama ubao. Toa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta. Mmoja wetu husoma uradi kwa sauti ndogo, mwingine huimba kasida. Anayetamka hawezi kubana pumzi. Na macho yatazame mbele, katikati ya masikio ya farasi kwenda mbali. Ukimtazama shingoni, kichwa chako kinainama, na mwili unafuata kichwa.

Sita, shuka ungali unafurahia. Dakika ishirini zilizokwisha vizuri zina faida kuliko saa nzima iliyokwisha kwa machozi. Jifunze pia kushuka kwa dharura: kutoa miguu yote miwili kwenye vikuku, kuinama, kuteleza chini na kutua magoti yakiwa yamekunjika kidogo. Anayejua njia ya kutokea haogopi kuingia.

Nguo, maana hapo ndipo tunapojua

Nguo imewahi kuangusha watu, na hilo halisemwi vya kutosha. Baibui na dera havipandi farasi. Pindo refu hunasa kwenye kikuku, na mtu akianguka huku kitambaa kimenasa, farasi humburuta. Upepo ukiinua shela, farasi anayeliona kwa pembe ya jicho anaweza kuruka pembeni.

Stara nzuri ya farasi ni hii. Kanzu inayoishia magotini, isiteremke hapo, ya kitambaa chenye uzito kidogo kisichopepea, yenye upasuo nyuma katikati kuanzia usawa wa makalio, ili ianguke pande mbili za tandiko na kufunika mapaja. Ndani yake suruali ya kitambaa kinachovutika, isiyobana. Mwambie fundi wako aweke kipande cha ziada cha umbo la almasi penye msamba, na mshono wa ndani ya paja ausogeze mbele, la sivyo utachubuka mpaka ushindwe kukaa. Na aliyechubuka hukaa upande, na kukaa upande ndiko kuanguka.

Kichwani, ushungi mwembamba wa pamba ulioshonwa wa kuvaa moja kwa moja, usio na fundo nyuma na usio na pini hata moja. Ncha zake ziingie ndani ya kanzu. Helmeti uijaribu ukiwa umevaa ushungi huo huo, kwa sababu tabaka moja la ziada hubadilisha inavyokaa. Iguse paji la uso, isicheze ukitikisa kichwa. Bangili, pete na hereni ndefu ziache nyumbani. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino kifupi cha kama sentimita mbili au tatu, ili mguu usipenye wote ndani ya kikuku. Ndara hapana, hata kama ni za shanga na zimegharimu pesa.

Bi harusi, na hiyo picha yako

Tunajua wengi mmefika mpaka hapa kwa ajili ya picha. Hatuikatazi. Lakini bi harusi ambaye hajawahi kupanda, amekaa upande mmoja juu ya farasi asiyemjua, na gauni lenye mkia wa mita mbili, huku mpiga picha anarusha droni, huyo amewekwa mahali pabaya. Farasi asimame, asitembee. Mwenye farasi ashike hatamu muda wote, na mtu mwingine asimame upande wako. Mkia wa gauni ufungwe kwa vifungo, sisi tunaviweka bure. Droni na ile miavuli ya taa ikae mbali. Au simama chini ubavuni mwake, mkono shingoni kwake. Picha hiyo huwa nzuri mno na huna pa kuanguka. Ukiitaka ya juu kwa dhati, nenda mara tatu nne kabla ya harusi ujifunze kukaa. Utaonekana tofauti. Aliyetulia na aliyekakamaa hawatoi sura moja.

Na kama ulianguka siku ya majaribio, usikubali bwana wa picha akwambie muda umelipiwa panda tena. Fedha hurudi, bega lililovunjika wiki moja kabla ya nikahi halina wa kulirudisha.

Neno letu la mwisho

Mtafute mwalimu anayejibu maswali. Mwulize farasi gani atakupa na kwa nini, mwombe mwalimu wa kike kama ndivyo unavyotulia, mwambie wazi kwamba ulianguka. Akicheka, au akisema kamba ndefu ni ya watoto, muage kwa adabu uondoke. Mama au mume mwalike aje aone unavyozungushwa taratibu. Tumeona akina mama waliokuja kukataza wakaishia kumlisha farasi karoti.

Mwenda pole hajikwai. Ukishapata mizani utaona unaanza kusahau kuogopa, mara unazungumza, mara unacheka, na siku moja utajikuta umemaliza mzunguko mzima bila kukumbuka lile anguko. Wengine wataendelea mpaka mchakamchaka wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Wengine watafika hapo, watatulia kabisa, kisha watasema, "Basi, nimetosheka, sitaki tena." Huyo naye hajashindwa, kwa sababu ameamua akiwa amekaa wima, hakuamuliwa akiwa chini.

Wabillahi tawfiq.